Mguu wa Askari Upimwe Kwanza, Amri Ifuate

Neno "jikaze" ni neno kubwa katika maisha ya askari. Kuruta hulisikia siku anapovuka lango la chuo, iwe ni Kaweweta kwa mwanajeshi au Kabalye kwa polisi, naye huenda nalo hadi siku ya kustaafu. Sisi hatuji hapa kulibeza. Pasipo kujikaza hapana lindo la usiku, hapana doria, wala hapana ushindi. Lakini tunaonelea kwamba liko jambo moja ambalo neno hilo limeliharibu sana, nalo ni mguu wa askari ulioumia pasipo damu kuonekana.

Jeraha la risasi halina mabishano. Kila mtu huliona, na machela huletwa mbio. Ole wake yule aliyeteguka kifundo, aliyechanika musuli wa paja, au aliyekatika kano la kisigino! Ngozi yake ni nzima na mfupa wake haukutokeza nje, basi huambiwa mojawapo ya maneno mawili: ama "jikaze," ama "unatega." Maneno yote mawili hutamkwa kabla mguu wenyewe haujaguswa na mkono wa mtu. Hilo ndilo tunalolipinga. Rai yetu ni kwamba asiwepo kamanda atakayemrudisha askari mstarini, wala atakayemwita mtegaji, kabla ya mguu huo kuulizwa habari zake, kutazamwa, kushikwa na kulinganishwa na mwenzake.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya vitu vyenyewe. Musuli ndio nyama inayovuta. Kano ni kamba ngumu inayouunganisha musuli na mfupa. Ligamenti ni ukanda unaofunga mfupa kwa mfupa mahali pa kiungo. Jeraha la ligamenti hugawanywa katika daraja tatu: katika daraja la kwanza nyuzi zimevutika tu, katika la pili baadhi yake zimekatika, katika la tatu zimekatika zote. Na hapa pana ajabu ambayo kila kamanda angepaswa kuijua. Askari wa daraja la tatu huenda akalalamika kidogo kuliko yule wa daraja la pili, kwa sababu ukanda uliokatika kabisa hauna tena cha kuvutwa. Kwa hiyo kelele za mgonjwa si kipimo, na ukimya wake vilevile si kipimo.

Tunamkumbuka askari polisi mmoja aliyekuwa akicheza mpira katika uwanja wa kituo chake. Alipoanza kukimbia alisikia kishindo nyuma ya mguu, akageuka kwa hasira apate kugombana na aliyempiga teke, asimwone mtu. Aliyempima alimwambia achezeshe wayo, naye akauchezesha kidogo. Ikasemwa: "Umeteguka tu." Akafungwa bendeji, akarudishwa kazini baada ya siku tatu. Wiki nyingi zikapita, naye hawezi kusimama juu ya vidole vya mguu ule. Kano la kisigino lilikuwa limekatika tangu siku ya kwanza. Misuli mingine ya mguu ndiyo iliyouchezesha wayo ule, ikamdanganya mpimaji.

Kosa hilo lingeweza kuepukwa kwa dakika moja. Mgonjwa hulazwa kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, kisha mpimaji huliminya tafu, yaani shavu la mguu. Kano likiwa zima, wayo huinama wenyewe. Likiwa limekatika, wayo hautikisiki kama ule wa upande wa pili. Kipimo hiki kilielezwa na Simmonds mwaka 1957, na Thompson wa Marekani akakieleza mwaka 1962. Hakitaki umeme wala mashine. Chataka mkono na nia.

Goti nalo lina siri yake. Askari akiruka kutoka juu ya lori, goti likajipinda, akasikia mlio ndani yake, na goti likavimba katika saa chache, hiyo ni dalili ya damu kuingia kiungoni, na mara nyingi ligamenti ya mbele iliyo ndani ya goti imekatika. Aliyezoea kupima hulikunja goti kidogo, kiasi cha digrii 20 hadi 30, akaushika paja kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akauvuta muundi mbele, kisha akafanya vivyo hivyo kwa goti zima. Kipimo hiki chaitwa kwa jina la John Lachman wa Philadelphia, nacho kilitangazwa na mwanafunzi wake Torg mwaka 1976. Na yule aliyeanguka, asiweze kabisa kuunyanyua mguu ulionyooka kutoka kitandani, asiambiwe ni mvivu: yawezekana kano lililo juu au chini ya pia ya goti limekatika, naye anamhitaji mpasuaji.

Kuhusu kifundo cha mguu, ambacho huteguka kuliko viungo vingine vyote katika kazi zetu, iko kanuni iliyotolewa mwaka 1992 na Dk. Ian Stiell na wenzake wa mji wa Ottawa, nchini Kanada. Aliyeumia kifundo apelekwe kupigwa picha ya eksirei ikiwa mfupa wa kifundo, upande wa nje au wa ndani, unauma unapobonyezwa nchani au kwenye ukingo wake wa nyuma katika sentimita 6 za chini. Au ikiwa hakuweza kutembea hatua 4 pale alipoumia, na hawezi hata sasa mbele ya mpimaji. Kutembea kwa kuchechemea kunahesabiwa kuwa ni kutembea. Asiye na dalili hizo, mfupa wake ni nadra sana kuwa umevunjika. Kanuni hii haimfai mlevi, wala aliyeumia kichwa, wala asiyehisi miguu yake. Tazameni jinsi inavyofaa kituo kilicho mbali na hospitali: yatuonyesha nani asafirishwe leo, na nani apimwe tena hapo hapo.

Maana kupima si kazi ya mara moja. Siku ya kwanza uvimbe na maumivu huficha mengi. Siku ya nne au ya tano, uvimbe ukishapungua, mkono huweza kutambua kama ligamenti imekatika au imevutika tu. Aliyepimwa Jumatatu na apimwe tena Ijumaa.

Tena si kila maumivu ya mguu ni ya kano au musuli. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, alieleza nyayo za askari zilizovimba na kuuma baada ya safari ndefu za miguu. Eksirei ilipovumbuliwa mwaka 1895, haukupita muda ikajulikana kuwa ilikuwa mifupa iliyopasuka kwa kuchoka. Makuruta wa leo hupatwa na yayo hayo, nyayoni na kwenye muundi, wanapoongezewa mwendo ghafla. Dalili yake ni maumivu mahali pamoja pa mfupa, panapoweza kuonyeshwa kwa ncha ya kidole, nayo huzidi kwa kukimbia. Picha ya wiki za mwanzo huweza isionyeshe kitu. Kamanda asiichukue kuwa ushahidi wa uongo.

Na liko moja lisilongoja kesho. Mguu ukigongwa au kubanwa, tafu likawa gumu na kukaza, maumivu yakazidi kiasi cha jeraha lenyewe, na mgonjwa akalia vidole vyake vinaponyooshwa na mtu mwingine, basi presha imepanda ndani ya nyama na damu haiipati. Hata mapigo ya mshipa yakisikika wayoni, asizuiwe mtu huyo: apelekwe kwa mpasuaji saa ile ile, la sivyo misuli hufa.

Tunajua jibu la makamanda wengine. Watasema: "Kila anayechechemea akipelekwa kwa daktari, gwaride litabaki na sajini peke yake." Sisi hatusemi kila mtu apumzishwe, twasema kila mtu apimwe. Kupima huko ndiko kunakomfichua hata mtegaji, kwa kuwa mguu wa mwongo hauna uvimbe, haulegei, na maumivu yake huhama kila unaposhikwa. Kamanda aliyempima mtu wake ana haki ya kumwamuru. Aliyekisia tu anacheza kamari kwa mali ya taifa, kwa maana askari mmoja akianguka porini huwaondoa mstarini wenzake wanne wa kumbeba.

Kwenu ninyi, ndugu askari, tuna neno pia. Wengi wenu huficha maumivu kwa kuogopa kukosa kozi, cheo, au safari ya nje. Mficha maradhi kilio humuumbua. Kifundo kilichoteguka na kurudishwa mbio kabla ya wakati huteguka tena. Semeni mapema, na semeni kweli: uliumia vipi, ulisikia mlio, uvimbe ulianza saa ngapi, uliweza kutembea? Majibu hayo manne ni nusu ya kipimo. Wala msikubali kukandwa kwa nguvu siku za mwanzo, kwani damu huzidi kumwagika ndani.

Basi tunapendekeza hivi. Kila kombania na kila kituo kiwe na mtu aliyefundishwa vipimo hivi vichache. Jina la aliyeumia, alichoonekana nacho, na siku ya kupimwa tena viandikwe daftarini. Na asirudi kwenye kwata wala doria mpaka aweze kuruka kwa mguu ule mmoja, kukimbia na kugeuka bila kuchechemea, kama afanyavyo kwa mguu mzima.

Bunduki ikigoma, hapana kamanda aiambiaye "jikaze." Huifungua, akaitazama, akatafuta ubovu ulipo. Tunaomba mguu wa askari usipewe heshima iliyo chini ya ile ya bunduki aliyoibeba.