Maji ya mgongo hayangoji barabara: chembe zihesabiwe hapa hapa Kibua

KIBUA, Walikale – Chukua mfano huu. Mama amefika kutoka upande wa Masisi, amembeba mtoto mgongoni, amelala porini siku mbili. Mtoto ana homa kali, anatapika, shingo imekakamaa, mwanga unamsumbua. Kwenye kituo cha afya wanamtoboa kidole, kipimo cha haraka cha TDR kinaonyesha malaria, anapewa dawa ya malaria, na kesi imefungwa. Kesho yake degedege inaanza. Kesho kutwa familia inatafuta mahali pa kuzika katika ardhi isiyo yao.

Kisha majirani wanasema: malaria imemchukua. Nani aliyehakikisha? Hakuna.

TDR haina kosa. Katika nchi yenye mbu kama Walikale, watoto wengi wana vijidudu vya malaria katika damu hata siku ambayo wanacheza mpira. Kwa hiyo TDR inaweza kusema kweli, na mtoto huyo huyo akawa anakufa kwa ugonjwa mwingine: menenjiti, ambayo wengi wanaiita homa ya uti wa mgongo. Dawa ya malaria haiui bakteria ya menenjiti. Kulingana na Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, karibu mtu 1 kati ya 6 wanaopata menenjiti ya bakteria hufariki, na 1 kati ya 5 hubaki na madhara makubwa: uziwi, kifafa, viungo visivyofanya kazi.

Kuna njia ya kutofautisha, na ni ya zamani. Daktari Mjerumani Heinrich Quincke alianza kuieneza mwaka 1891: sindano nyembamba inaingizwa chini ya mgongo, yanachukuliwa matone ya maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Maji hayo yanawekwa kwenye kioo chenye mistari midogo, chini ya mikroskopi, na mtu wa maabara anahesabu chembe nyeupe, askari wa mwili. Kwa mtu mzima au mtoto aliyekua, kwa kawaida hazizidi 5 katika milimita 1 ya ujazo. Kwa mtoto mchanga zinaweza kuwa nyingi kidogo. Zikipita 100, au maji yakitoka na ukungu kama maji ya mchele, OMS inasema menenjiti ya bakteria inaelekea sana kuwa ndiyo. Mara nyingi zinafika mamia na hata maelfu. Kwa malaria iliyopanda kichwani, kwa kawaida maji hubaki safi na chembe ni chache. Hesabu hiyo ndiyo inayoweza kumtenga mtoto wa malaria na mtoto wa menenjiti.

Sasa wako wanaosema kwamba jambo hili ni la Goma, Bukavu au Kinshasa, kwamba huku msituni haliwezekani. Maneno hayo hayana ukweli, na Kongo yenyewe ndiyo shahidi. Kwa miaka mingi, vikundi vya kupambana na ugonjwa wa malale viliingia vijijini katika Bandundu ya zamani, kwa gari na kwa mtumbwi, na mikroskopi ndani ya sanduku. Huko huko kijijini walitoboa migongo na kuhesabu chembe. Zikiwa 5 au chini, na vijidudu vya malale havionekani katika maji hayo, mgonjwa alipata dawa nyepesi. Zikizidi 5, ugonjwa ulihesabiwa kuwa umeingia kwenye ubongo, na kwa muda mrefu dawa yake ilikuwa melarsoproli, dawa yenye arseniki ambayo iliua karibu watu 5 kati ya kila 100 waliotibiwa nayo. Maisha ya mtu yalisimama juu ya hesabu iliyofanywa kijijini. Kama iliwezekana huko, kwa nini isiwezekane Kibua?

Mwingine atajibu kwamba hata kwa malale sindano ya mgongo imepunguzwa. Ni kweli. Vidonge vya feksinidazoli, vilivyojaribiwa hapa Kongo, vinatibu hatua zote mbili, na tangu 2019 OMS inasema mgonjwa asiye na dalili za ugonjwa mkali hahitaji tena kutobolewa. Lakini sindano iliondolewa baada ya kupatikana dawa inayoziba nafasi yake. Kwa mtoto mwenye homa na shingo ngumu hakuna kidonge kimoja kinachotibu malaria na menenjiti pamoja. Kuacha kuhesabu, bila kuweka kitu badala yake, ni kumwacha mtoto gizani.

Tazama pia kwa jirani. Tarehe 8 Septemba 2021 serikali ilitangaza mlipuko wa menenjiti huko Banalia, mkoa wa Tshopo, ambao unapakana na Kivu ya Kaskazini. Siku ya kutangazwa, OMS ilikuwa imehesabu watu 261 walioshukiwa kuugua na 129 waliokufa. Nusu! Uthibitisho ulitoka kwenye maabara ya Institut Pasteur, Paris. Jina la bakteria linaweza kungojea Paris. Mtoto hawezi. Na ugonjwa huo unapita kwa mate na pumzi, kati ya watu wanaokaa karibu. Familia tano ndani ya chumba kimoja cha shule: kuna ukaribu gani kuliko huo?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Wapo wanaopendekeza maji ya mgongo yachukuliwe na kupelekwa mjini kwa pikipiki. Wajue kwamba chembe hizo hufa njiani. Yakikaa kwenye joto la kawaida, karibu nusu ya chembe zinazopigana na bakteria zinaweza kupotea ndani ya saa mbili. Nani anafika Goma kutoka Kibua kwa saa mbili, na matope ya Nyabiondo, na vizuizi, na vita? Maji yakifika yamechelewa, hesabu itakuwa ndogo, na maabara itaandika kwamba mtoto hana kitu. Hesabu inayosafiri inadanganya. Lazima ifanywe pale pale mtoto alipolala, ndani ya saa moja.

Kuna pia upande wa familia, na lazima usemwe. Wazazi wengi wanakataa sindano hiyo. Wanasema inapoozesha, au inaua. Hofu hiyo ina chanzo: mara nyingi mtoto analetwa amekwisha kuchoka, anatobolewa, anakufa usiku, na lawama inabaki kwa sindano. Lakini uti wenyewe unaishia juu ya mahali sindano inapoingia. Chini yake kuna maji na nyuzi za mishipa ya fahamu. Muuguzi na daktari nao wasiseme tu “shikeni mtoto”. Waeleze kwanza, kwa Kihunde, kwa Kinyanga, kwa Kiswahili. Na kama kuna dalili za shinikizo kubwa kichwani, kidonda mahali pa kutoboa, au damu isiyoganda, wanajua kwamba sindano inangoja.

Dawa haingoji. Mtoto anayeshukiwa aanzishiwe seftriaksoni mara moja, hata kama mtu wa maabara hajafika. Na hesabu pekee si Mungu: mgonjwa aliyekunywa dawa za sokoni, au mwenye kifua kikuu, anaweza kuwa na hesabu inayochanganya. Ndiyo sababu inahitajika pamoja na jicho la muuguzi.

Basi, kwa daktari mkuu wa zone ya afya ya Kibua, kwa mkoa, na kwa mashirika yanayokuja na magari meupe, maswali ni manne na yanahitaji majibu hadharani. Hospitali ina sindano za mgongo za watoto, ngapi? Kioo cha kuhesabia kipo, na dawa ya kupaka rangi chembe? Ni nani anayejua kuhesabu, na usiku anayebaki ni nani? Familia iliyoacha shamba na mbuzi itatozwa kiasi gani? Kioo hicho kinaoshwa na kutumika tena miaka na miaka. Aliyeweza kuleta maturubai na sabuni mpaka hapa anaweza kukileta.

Na kwa wazazi, wenyeji na waliohama: homa na shingo ngumu, homa na degedege, mtoto mchanga anayekataa ziwa au ambaye utosi wake umevimba, msilale nyumbani mkingoja asubuhi. Nendeni. Wakisema ni malaria, ulizeni kwa heshima: “Daktari, na maji ya mgongo yamehesabiwa?”