Uhifadhi si tembo peke yake

Ndugu mwandishi, makala yako kuhusu safari za kujitolea kwa uhifadhi hapa Zambia imeishia kwa tembo wa Luangwa na maporomoko ya Victoria. Huku Mantapala, wilayani Nchelenge, makazi ya wakimbizi kutoka Kongo yalifunguliwa mwaka 2018 kwenye eneo la msitu, na jikoni bado tunategemea kuni na makaa. Ziwa Mweru, lililo jirani nasi, nalo hufungwa kwa uvuvi kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Miezi hiyohiyo ya mvua ndiyo ya kupanda miche ya kufidia miti tunayokata. Anayetaka kujitolea aje wakati huo, ashike jembe pamoja na vijana wetu, ambao hata kutoka kambini wanahitaji kibali. Nanyi waandaaji wa safari hizi, walipeni vijana hao posho.