Asilimia 50 si ukuta, na PAUSE si dawa ya kila foleni

Nimekuwa kimya kidogo, majaribio ndo yametubana. Leo nina neno na wenzangu wa kozi ya mitandao. Juzi kwenye diskasheni watu wazima kabisa wanasema eti swichi ya data senta ikizidiwa, washa PAUSE kila mahali, pakiti hazitapotea, kazi imekwisha. Mimi nakataa.

PAUSE ya mwaka 1997, ile 802.3x, inasimamisha waya mzima. Yaani seva moja ikichelewa kupokea, wote wanaopita waya huo wanasubiri, hata ambao safari yao haihusiani. Ni kama kufunga barabara nzima kisa daladala moja inashusha abiria. Ndo maana ikaja PFC, 802.1Qbb, iliyotolewa 2011: data inagawanywa madaraja 8, unasimamisha daraja moja tu. Sasa mtu anaiwasha kwenye yote 8! Si umerudi kule kule?

Maoni yangu: iwashe kwa daraja moja, yakizidi mawili, lile la RDMA ambalo pakiti ikipotea linaumia kweli. TCP iache, yenyewe inajua kutuma tena. Halafu piga hesabu ya bafa jamani. Ukishasema "simama", zilizoko njiani bado zinakuja. Waya wa mita 100 kwa kasi ya 100 Gb/s, kwenda na kurudi ni kama maikrosekunde 1, sawa na kilobaiti 12.5, na hapo hujahesabu pakiti ambayo swichi ya pili ilishaanza kuituma. Usipoiachia nafasi hiyo, pakiti zinamwagika huku PFC imewashwa.

Na hii si nadharia ya slaidi. Mwaka 2016 Microsoft walieleza kwenye mkutano wa SIGCOMM jinsi kadi moja mbovu ya mtandao ilivyoweza kutoa "simama" mfululizo, swichi zikazuiana kurudi nyuma, seva nyingi zikakwama. Dawa yao ikawa kuweka mlinzi kwenye kadi na kwenye swichi, wa kuikata hiyo PFC ikipitiliza.

ETS, yaani 802.1Qaz, nitakuwa mfupi. Ukiipa storeji asilimia 50, hicho ni kima cha chini wakati wa foleni. Isipotumika, wengine wanakopa. Anayetaka kumzuia mtu asivuke kiasi fulani aweke kikomo kingine, asiisingizie ETS.

Mnaobisha njooni maabara Ijumaa. Swichi zipo mbili, tujaze foleni tuone nani anakwama.