Aliyeshindwa Avuma, Bingwa Hajulikani

Sina ugomvi na vijana wanaosaka habari za michezo katika intaneti. Ninachopinga ni mazoea ya kuhesabu watazamaji, kisha kutangaza nani hodari. Nimeisikia hoja hiyo madarasani, hata vinywani mwa walimu wenzangu, kwamba anayetajwa sana ndiye anayestahili kutajwa.

Hebu tuutazame mchezo wa vitara. Tarehe 27 Julai, 2023, mjini Milan, Mrusi Anna Smirnova alikutana na Olga Kharlan wa Ukraine katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Alishindwa kwa pointi 15 kwa 7. Kharlan, ambaye nchi yake ilikuwa imevamiwa na Urusi, alikataa kumpa mkono, akamnyoshea kitara tu. Smirnova akaketi papo hapo ulingoni kwa zaidi ya nusu saa, na Kharlan akaondolewa mashindanoni kwa kuvunja kanuni. (Baadaye alisamehewa, na mwaka 2024 akatwaa shaba na dhahabu ya timu katika Olimpiki ya Paris.) Picha ya Mrusi yule aliyeketi ikazagaa ulimwenguni.

Sasa mlinganisheni na Mrusi mwenzake, Sofya Velikaya. Huyu alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2011, akajifungua mtoto mwaka 2013, akarejea na kuutwaa tena ubingwa huo mwaka 2015. Katika Olimpiki za London 2012, Rio 2016 na ile ya Tokyo iliyofanyika 2021, alifika fainali mara zote tatu, na mara zote tatu akaambulia fedha. Kule Rio alizidiwa na Mrusi mwingine, Yana Egorian, kwa pointi 15 kwa 14. Pointi moja! Siku chache baadaye wawili hao walisimama bega kwa bega wakaipatia Urusi dhahabu ya timu. Ni habari inayoweza kulishughulisha darasa kwa wiki nzima, lakini ni wangapi waijuao, mbali na mashabiki wa vitara?

Simlaumu Smirnova. Sidhani alitamani kujulikana kwa pambano aliloshindwa. Lawama ni yetu tunaoziamini hesabu za mtambo usiobagua. Anayefunguliwa kwa heshima na anayefunguliwa kwa hasira au udaku, kwa mtambo huo wote ni mamoja.

Wala tusidhani haya ni ya Warusi pekee. Alexandra Ndolo aliiwakilisha Kenya katika mchezo wa vitara huko Paris mwaka 2024. Ni wanafunzi wangapi wanaoweza kumtaja?

Walimu, mnapowapa wanafunzi insha kuhusu mwanamichezo mashuhuri, ninaomba muongeze sharti moja: mwandishi aeleze mtu huyo alitenda nini, wapi na mwaka gani, bila kugusia hata mara moja idadi ya wafuasi wake.