Kisumu Dala: Maua ya Barabarani Hupandiwa Nani?

Wasee wa Kisumu, mnakumbuka Mei 2022? Africities ilitua Mamboleo kuanzia tarehe 17 hadi 21, na Dala ikajipodoa kama bibi harusi. Rangi hapa, maua pale. Poa sana. Lakini wageni walienda, sisi tukabaki.

Shida si maua, maze. Shida ni yanapandwa yaonwe na nani. Mdosi kwa gari anapita Kondele sekunde chache tu, anaona nyasi, anasema mji umeiva. Mtu wa nduthi, mama mboga na mwanafunzi wa miguu wako hapo siku mzima, na jua la Kisumu halibembelezi mtu. Nyasi haina kivuli. Ndiyo maana watu hujibanza chini ya daraja la baipasi: magari juu, biashara chini.

Na mapambo mara nyingine huja na tingatinga. 2019 vibanda vya Lwang'ni vilibomolewa bandari ikifufuliwa. Bandari ikang'aa, lakini waliotukaangia ngege pale ufuoni wakaambiwa wahame.

Si ati Kisumu haijui kupanga. Tembea Oginga Odinga Street uone njia za miguu zilivyorudisha tao kwa watu. Hiyo akili ipelekwe Kondele na hadi Kisian.

So kaunti ikija na mchoro mpya, usiulize maua ni rangi gani. Uliza: mti wa kivuli uko wapi, na mama mboga ataketi wapi?