Mnakata Springi, Mnasahau Kupima

Hapa Kabuku husemwa mambo mawili juu ya magari ya vijana yaliyoshushwa, nami nayakataa yote mawili. La kwanza ni la wazee wenzangu. Wao wanadai kuwa kushusha gari ni uhuni mtupu, ni ndugu yake suruali ya mlegezo, na kwamba gari la mtu mwenye akili huwa juu. La pili ni la vijana na mafundi wao, kwamba gari likishashushwa halihitaji kitu kingine, litajipanga lenyewe barabarani. Mzee anahukumu bila kupima, na kijana anakata bila kupima. Nimefundisha walimu kwa zaidi ya miaka 30, na sijui ni yupi kati ya hao wawili ningempa alama ndogo zaidi.

Nianze na wazee, maana hao ni rika langu na hawatanipiga. Tunapenda kutoa mfano wa Peugeot 404, gari ambalo Bert Shankland wa Dar es Salaam alishindia Safari Rally mwaka 1966, kisha akalirudia jambo hilo 1967. Naam, gari lile lilisimama juu. Lakini lilisimama juu kwa sababu ya matope, mawe na makorongo, si kwa sababu ya maadili mema. Lingepelekwa kwenye uwanja wa mbio wa lami laini, kama ule wa Kyalami karibu na Johannesburg, kimo kile kile kingekuwa mzigo. Gari likikaa chini, uzito wake hauhami sana kutoka gurudumu la ndani kwenda la nje wakati wa kukata kona, na matairi yote manne yanapata kazi ya kufanya. Kwa hiyo kulishusha gari ni jibu halali kwa swali halali. Kijana anayeandaa gari lake kwa mashindano ya lami hana kosa hapo, hata kama mnachukia mlio wa bomba lake la moshi.

Kosa lake linaanza baada ya hapo, na si dogo.

Magari mengi madogo tunayoyaona hapa, Corolla na Subaru Impreza kwa mfano, yana mtindo wa shokapu na springi zilizosimama pamoja kama nguzo moja juu ya gurudumu la mbele. Mtindo huo una jina la mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson, na hata Peugeot 404 niliyoitaja iliutumia. Chini ya nguzo hiyo kuna mkono wa chuma unaoshika gurudumu, na pembeni kuna tairodi inayoligeuza. Mkono na tairodi vimepangwa kiwandani vicheze pamoja kwa kimo fulani. Ukilishusha gari, vyote viwili vinabadili mlalo, wala havibadiliki kwa kiasi kimoja. Gurudumu lililokuwa linatazama mbele sasa linatazama pembeni kidogo, na kichwa chake kinainamia ndani. Hakuna aliyeligusa. Limegeuzwa na kimo.

Tena ukishusha kupita kiasi, ule mkono wa chini ukavuka mlalo wa usawa na ncha yake ya nje ikawa juu kuliko ya ndani, gari mara nyingi hulala zaidi kwenye kona kuliko lilivyokuwa likilala kabla. Kijana ametumia fedha zake kununua kinyume cha alichokitaka. Na wako wanaokata springi kwa moto wa gesi! Chuma cha springi kilipewa ugumu wake kwa moto uliopimwa. Ukikipiga moto wa kienyeji unaunyang'anya ugumu huo pale pale ulipokata. Halafu springi fupi kupita kiasi hulegea ndani ya kikombe chake kila gurudumu linaponing'inia, na sisi tumezungukwa na matuta. Kama ni lazima kushusha, nunua springi zilizotengenezwa fupi. Huna fedha? Basi subiri.

Sasa nije kwa fundi. Gari likivuta upande, fundi wetu wa chini ya mwarobaini hushika tairodi moja tu, ile iliyo karibu na mkono wake, akaizungusha huku akifumba jicho moja. Gari linakwenda sawa, lakini usukani umekaa upande. Afanyeje? Anaung'oa usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka! Nimeona jambo hili kwa macho yangu, na nilipouliza nikajibiwa kwa heshima zote, "Shikamoo Mwalimu, hiyo ndiyo alaimenti yenyewe." Marahaba, mwanangu, lakini hiyo si alaimenti. Huyo ni mwanafunzi aliyebadili swali ili lilingane na jibu lake. Gari hilo sasa linakata kona ya kulia tofauti na ya kushoto, na mwenyewe hajui mpaka siku atakapolazimika kulikwepa lori.

Kuna mtu ataniambia kwamba milimita mbili tatu si kitu. Tufanye hesabu ya darasa la saba. Rimu ya inchi 15 ina upana wa kama milimita 400 kutoka ukingo hadi ukingo. Iwapo kila gurudumu la mbele limetanuka kwa milimita 2 tu katika hizo 400, basi kwa kila mita 1,000 linazosonga mbele linaburutwa mita 5 kwenda ubavuni. Safari ya kilometa 100 kwenye hii barabara yetu ya Chalinze–Segera ni nusu kilometa ya kuburuta mpira juu ya lami, bila breki, bila kona. Na kwa vile gurudumu la gari lililoshushwa limeinamia ndani, anayeumia ni ukingo wa ndani, ule usioonekana mpaka uchuchumae. Nje tairi ni jipya. Ndani nyuzi za chuma zinachungulia. Kijana wa bodaboda aliyejinyima mwaka mzima akanunua Corolla kuukuu hawezi kununua matairi kila baada ya miezi miwili. Atakachofanya ni kuendelea kuliendesha hivyo hivyo, na abiria ndani.

Wapo watakaosema dawa ni kwenda mjini kwenye mashine ya kompyuta. Sina ugomvi na mashine. Nina ugomvi na karatasi. Kijana mmoja wa hapa alinijia na karatasi kutoka gereji moja ya mjini, namba zote za kijani, na gari bado linatangatanga. Tulipoliinua kwa jeki nikashika gurudumu juu na chini nikalitikisa, likacheza kama jino la mtoto. Bolijointi ilikuwa imekwisha. Mashine ilipima kwa uaminifu kitu ambacho hakikai mahali pamoja. Katika mitihani tulikuwa tukikata alama za mtu aliyeandika jibu bila kuonyesha njia, na karatasi ile haikuwa na njia.

Njia yenyewe iko hapa hapa Kabuku, na gharama yake ni uzi, rula na timazi ya mwashi. Hata timu za mbio zenye fedha bado hutumia nyuzi. Kwanza tikisa kila kiungo, badilisha kilichokwisha. Jaza upepo sawasawa. Tafuta sakafu iliyo sawa, na uihakikishe kwa pima maji, usiihakikishe kwa imani. Weka kwenye kiti cha dereva mfuko wa saruji wa kilo 50 na debe la maji la lita 20; huyo ndiye dereva wako wa kilo 70, na hachoki wala haongei. Chini ya magurudumu ya mbele weka bati mbili mbili zilizopakwa grisi katikati, ili yateleze na kukaa yanapotaka. Gari likishushwa kutoka kwenye jeki lisukume mbele na nyuma kwanza; ukipima papo hapo utapima uongo.

Anza na mwinamo. Ning'iniza timazi mbele ya rimu, pima nafasi ya juu na ya chini. Kwa rimu yetu ya milimita 400, tofauti ya milimita 7 ni digrii moja. Wenye mashindano huweka digrii mbili hata tatu kuinamia ndani. Anayekwenda sokoni Korogwe hana haja nazo. Mwinamo utangulie daima, kwa sababu ukiugusa, mwelekeo nao unahama. Wanaofanya kinyume wanafanya kazi mara mbili, au, kama wengi wao, mara moja na nusu.

Kisha tandaza nyuzi mbili, moja kila ubavu, kwa kimo cha katikati ya gurudumu, ziwe sambamba, na zikae mbali sawasawa kulia na kushoto kwa ekseli ya mbele, na vivyo hivyo kwa ya nyuma. Tumia mshipi wa kuvulia samaki. Katani tunayo shamba kwa shamba, lakini ina manyoya na inalegea. Funga usukani ukiwa katikati, pima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu na ukingo wa nyuma, halafu zungusha tairodi zote mbili, kila moja kwa upande wake.

Bado kuna kipimo kimoja ambacho mashine ya mjini haikifanyi. Waambie vijana wawili wakae juu ya boneti mpaka gari lishuke sentimita 3, upime tena. Namba zikiruka sana, maana yake gari litajigeuza lenyewe kwenye kila tuta, na itabidi ncha ya tairodi irekebishwe kimo kabla ya kwenda popote.

Mafundi wananiambia kazi hiyo inachukua saa tatu na hakuna mteja atakayezilipia. Yule kijana wa karatasi ya kijani alizilipia, baada ya kununua bolijointi. Tulimaliza jioni: kulia kubana milimita 1, kushoto milimita 1, usukani katikati bila kung'olewa. Na gari lilibaki chini vile vile alivyolitaka, jambo ambalo jirani yangu mzee hajanisamehe mpaka leo.