Dawa ya Jirani kwa Mwenye Maradhi ya Mafigo



Ama baad. Ndugu Waislamu, kumzuru mgonjwa ni katika haki za Mwislamu juu ya nduguye, na watu wa Fumba, alhamdulillahi, hawajaiacha ibada hii. Lakini imeingia desturi ya kutia khofu: mtu haendi kumtazama mgonjwa ila na dawa mkononi. Huyu ana kidonge cha maumivu, yule ana mizizi iliyochemshwa, wa tatu ana chupa iliyobaki ya marehemu mamaye. Kwa mwenye mafigo yaliyokufa, anayekwenda Mnazi Mmoja kusafishwa damu kwa mashine, zawadi hiyo yaweza kuwa sababu ya mauti yake.

Dawa nyingi tunazokula hutolewa mwilini na mafigo kwa njia ya mkojo. Mafigo mazima hufanya kazi usiku na mchana, saa 168 kwa juma. Mashine, kwa kawaida, humsafisha mtu saa 4, mara 3 kwa juma. Jumla yake saa 12. Katika saa zilizobaki dawa hukaa humo humo mwilini, ya leo ikapandana na ya jana mpaka ikawa sumu. Ndiyo maana daktari humpunguzia kipimo, au huzirefusha nafasi baina ya kipimo na kipimo. Ziko pia dawa ambazo mashine huzitoa pamoja na uchafu. Hizo hupewa baada ya kusafishwa, si kabla. Basi kipimo kilichomfaa jirani si kipimo chake, hata maradhi yakifanana.

Amepokea Abu Daud kutoka kwa Jabir (R.A.) kisa cha mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe safarini. Usiku akaota, ikampasa kukoga janaba; akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, maadamu maji yapo. Akakoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata khabari aliwahesabu wao kuwa ndio waliomwua, akabainisha kuwa dawa ya asiyejua ni kuuliza. Wenziwe wale hawakumtakia shari. Walisema wasilolijua tu. Na katika hadithi nyingine, anayejitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, dhamana ya madhara ni juu yake.

Basi wenye nyumba na wayashike haya.

Kwanza, vidonge kama diklofenaki na ibuprofeni, ambavyo wavuvi wetu huvinunua kwa maumivu ya mgongo, mgonjwa huyu asipewe pasipo idhini ya daktari. Humaliza uhai mdogo uliosalia katika mafigo, na huweza kumtoa damu tumboni.

Pili, akiwa na kisukari, insulini hukaa mwilini mwake muda mrefu zaidi. Kipimo cha zamani chaweza kuishusha sukari mpaka akazimia.

Tatu, maji ya madafu, ndizi na tende zina potasiamu nyingi, nayo ikizidi husimamisha moyo. Maji ya birimbi yamepata kuharibu mafigo ya watu huko India. Habasoda na asali tunaziamini, wala imani hiyo haipunguzwi na kumwuliza daktari kwanza.

Nne, asiache alizoandikiwa kwa kuwa amejiona hajambo. Na vidonge vya chokaa alivyopewa avile pamoja na chakula, kwani kazi yake ni kuikamata fosfati iliyomo katika chakula hicho. Akivila tumbo tupu havifanyi kazi hiyo.

Tano, dawa zote, za hospitali na za miti shamba, zitiwe katika mfuko mmoja zikaonyeshwe kwa daktari bila ya haya. Daktari hawezi kukinga asilolijua.

Na Ramadhani ikiingia, asibadilishe saa za dawa kwa ajili ya saumu. Suratul Baqara, aya ya 184, imempa mgonjwa ruhusa. Na asiyetarajiwa kupona hutoa kibaba kwa kila siku.

Ewe ndugu, ukitaka kumfaa jirani yako, mpe nauli ya kwenda mjini, au fuatana naye umshike mkono anaporudi amechoka. Hiyo ndiyo zawadi isiyo na khatari.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuuliza kabla ya kutenda. Amin.